Nimemjua Mtoro wa Bagamoyo nikiwa Ujerumani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Barua yangu ni ndefu kuliko unazozoea kuzichapa. Nimeiandika kwa siku nne, na kila nilipotaka kuifupisha niliona kuna mtu nitamwacha, nikashindwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari Bagamoyo. Kwetu hasa ni Lindi. Tangu Oktoba 2023 nipo Leipzig, Ujerumani, nikifundisha Kiswahili chuo kikuu kwa mkataba wa miezi kumi na minane, na mwisho wa Machi mwaka huu wa 2025 narudi nyumbani. Likizo ya Krismasi iliyopita ndiyo ilikuwa ya mwisho kwangu huku. Ile ya mwaka wa kwanza niliimaliza chumbani, nimejifunika mablanketi mawili, nikihesabu siku. Hii ya pili nilisafiri, na sababu ya kusafiri ilikuwa swali la mwanafunzi.

Ilikuwa Novemba, darasa la mwaka wa pili, saa kumi na moja jioni na nje kiza kimeshaingia. Tulikuwa tunafanya zoezi la kuulizana habari za kazi. Binti mmoja, ambaye Kiswahili chake kinakua haraka kwa sababu hachoki kuuliza, akaniambia: "Mwalimu, kabla yako alikuwa nani hapa?" Nikamtajia. "Na kabla ya huyo?" Nikamtajia pia. "Na wa kwanza kabisa? Mtu wa kwanza kutoka kwenu kuja Ujerumani kufundisha Kiswahili alikuwa nani?"

Nikamwambia nitatafuta. Nina shahada ya Kiswahili, nimefundisha miaka kumi na miwili, na kabla ya safari nilihudhuria semina ya siku mbili ambamo tulielezwa habari za makoti, soksi za sufu na bima ya afya. Jibu la swali lile sikuwa nalo.

Nililipata maktaba, mwendo wa dakika chache kutoka darasani. Berlin ilifungua chuo cha lugha za Mashariki mwaka 1887, na Kiswahili kikafundishwa humo. Wajerumani walikuwa wakiandaa maofisa wa kuja kututawala, na walitaka waje wanajua kuzungumza. Wa kufundisha sarufi walikuwepo, Wajerumani wenyewe. Lakini matamshi, mazungumzo, namna mtu wa pwani anavyoianza barua na anavyoimaliza, hayo yalimtaka mwenye lugha. Ndipo watu wetu wakaletwa. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha pale miaka ya mwanzo ya 1890, akaandika kwa Kiswahili habari za Berlin kama alivyoiona, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1894. Mwaka 1900 akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mhariri, Mtoro alikuwa mtu wa Dunda, Bagamoyo. Dunda ninayoijua mimi! Nimepita Dunda kwa bodaboda, nimepita kwa miguu, nimekwenda huko kwenye misiba ya wazazi wa wanafunzi wangu. Miaka kumi na miwili nimesimama mbele ya watoto wa Bagamoyo nikiwafundisha lugha hii, wala sijawahi kuwatajia jina la mtu wa kwao aliyeandika kurasa nyingi kuliko pengine mtu yeyote wa pwani wa wakati wake kuhusu maisha yetu yalivyokuwa. Sikuwatajia kwa kuwa nami sikutajiwa, shuleni wala chuoni.

Maandishi hayo yalitoka mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Juu ya jalada lipo jina la Carl Velten, mwalimu wa Kijerumani aliyeyakusanya. Jina la Mtoro, ambaye ndiye aliyeandika sehemu kubwa, utalikuta ndani. Niliazima kitabu hicho nikakisoma usiku mbili mfululizo. Kuzaliwa kwa mtoto, michezo ya watoto, chuo cha Kurani, jando, ngoma, pepo, posa na harusi, utumwa, safari za bara, vyote vimo, kwa Kiswahili cha Mrima ambacho nilimsikia nacho bibi yangu. Tahajia yake ni ya zamani: "khabari" ina kh, na "sheri'a" ina alama katikati. Nilipoyasoma kwa sauti darasani wanafunzi walitaka kujua alama ile ni ya nini. Tukakaa nayo nusu saa, tukaingia kwenye herufi ain ya Kiarabu, na sikumbuki kipindi kingine ambacho hakuna aliyetazama saa.

Kisha nikasoma yaliyompata mwenyewe. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi kwao, kwetu. Serikali ya kikoloni ikamzuia kushuka na mkewe, kwa sababu Mwafrika mwenye mke Mzungu hakutakiwa kuonekana katika koloni. Mtu amefika hadi bandarini, harufu ya nyumbani anaisikia, halafu anarudishwa alikotoka. Akarejea Ujerumani, baadaye akafundisha Hamburg, akawa anazunguka miji akitoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki, na akafariki Berlin mwaka 1927. Hakuiona Bagamoyo tena.

Mimi tiketi yangu ya ndege ya kurudi ilikuwa tayari kwenye simu. Nilipomaliza ukurasa ule nilijua likizo hii sitalala.

Kuna tiketi ya mwezi ya treni na mabasi kwa nchi nzima. Desemba ilikuwa yuro 49, Januari ikapanda hadi 58. Haikuruhusu treni za kasi. Unapanda za mikoani zinazosimama kila kituo. Kwangu ilifaa. Leipzig hadi Berlin ilinichukua karibu saa tatu na kubadilisha treni mara moja, mashamba yamelala meusi pande zote mbili na ukungu umekaa juu yake. Njiani nilisoma safari ya Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, akaiandika kwa Kiswahili. Nilikuwa na koti, kofia, skafu, na behewa lina joto. Nikawa nawaza huyu mtu wa visiwani alijifunika nini.

Berlin nilikwenda kwanza Brunnenstraße, namba 193. Pale chini, kati ya mawe ya njia ya waenda kwa miguu, kuna kijiwe chenye bamba la shaba la sentimita kumi kwa kumi. Vijiwe hivi vilibuniwa na msanii Gunter Demnig; vimepita laki moja sasa katika miji ya Ulaya, kila kimoja mbele ya nyumba alimoishi mtu aliyeteswa au kuuawa na Wanazi. Wajerumani huviita vijiwe vya kujikwaa. Hiki ni cha Mahjub bin Adam, ambaye Berlin walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na alikuwa mwalimu wa Kiswahili.

Baba yake alikuwa askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake, ambayo tangu vita haikuwa imelipwa. Wakamkatalia. Akabaki. Akawa mhudumu katika ukumbi mkubwa wa starehe na vyakula, akaigiza filamu nyingi, mara nyingi katika nafasi ya mtumishi, akaoa, akapata watoto, na chuo kikuu akafundisha Kiswahili. Mwaka 1941 akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mzungu. Hakufikishwa mahakamani. Akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafariki tarehe 24 Novemba 1944.

Kijiwe kilikuwa na tope la mvua na majani yaliyooza. Nikachuchumaa, nikakifuta kwa leso. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa na mbwa akasimama, akanisubiri nimalize, kisha akaniuliza kama huyu ni ndugu yangu. Kijerumani changu ni cha sokoni na cha ofisini, lakini hilo nililielewa. Nikamjibu: "Ni mwalimu mwenzangu." Akatikisa kichwa, akasoma jina kwa sauti, polepole, akitamka "Mahjub" kwa shida, akaenda zake.

Nikaendelea kwa miguu hadi Makumbusho ya Viumbe Asilia, Invalidenstraße, kama nusu saa hivi. Mtu wa Lindi hawezi kufika Berlin asimwone mjusi, yule dinosaria aliyetoka Tendaguru, kwetu Lindi. Nilikuwa nimemwona katika picha tangu nikiwa mdogo, na bado nilipoingia ukumbini nilisimama mlangoni mpaka watu wakaniomba nipishe. Kimo chake ni mita 13 na zaidi. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 kwa jumla, na ikasafirishwa vichwani na mabegani mwa wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Babu mzaa mama alikuwa akitusimulia kwamba wazee wake walibeba mawe ya Wadachi. Tulidhani ni mawe ya kujengea.

Nyumbani mjadala ni kama mjusi arudi au asirudi, na wabunge wameujadili sana. Nina maoni yangu, lakini leo nataka kumtaja mtu, siyo mjusi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Alikuwa na jicho na mkono wa kuitoa mifupa ile bila kuivunja, na Wajerumani wenyewe walikiri hivyo. Mwaka 2007 wanasayansi walipoipa jina aina moja ya dinosaria wa Tendaguru walimtumia yeye: Australodocus bohetii. Nimesoma Lindi kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Jina la Boheti nimelisikia mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Sisemi haya kuwalaumu walimu wangu. Walinifundisha kwa vitabu walivyokuwa navyo, chaki wakinunua wenyewe.

Mkesha wa Krismasi nilialikwa na familia ya yule binti mwenye maswali, katika kijiji kimoja huku jimbo la Sachsen. Chakula chao cha usiku ule ni saladi ya viazi na soseji. Mama yake alikuwa amezunguka maduka akitafuta soseji za kuku kwa ajili yangu, kwa sababu binti alimwambia mwalimu wake ni Mwislamu. Akaniwekea kwenye sufuria ya peke yake, na kifuniko cha peke yake. Mimi nilipeleka wali wa nazi. Nazi za kopo, mchele nimeutoa kwenye duka la Mwarabu mtaa wa Eisenbahnstraße, ambako siku za nyuma nimepata hata mihogo na bamia. Binti akamwamkia bibi yake "shikamoo", kwa kuwa neno hilo analipenda na hana wa kumwamkia nyumbani. Bibi, hana habari neno ni la nini, akamshika mashavu. Tukamfundisha kujibu "marahaba". Alilisema usiku kucha.

Usiku ule mama mwenye nyumba aliniuliza neno gani ni gumu kuwafundisha Wajerumani. Nikamwambia "pole". Wanafunzi wangu wanataka kulipatia neno moja la Kijerumani, nao wamejaribu mengi. Moja ni la kuomba radhi, nami nikisema pole sijakosa. Lingine ni la kumhurumia mtu kwa mbali. Pole unampa aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyetoka kazini, aliyebeba mzigo mzito. Akanyamaza, kisha akasema wao husaidia kubeba mzigo. Nikamwambia na sisi husaidia, lakini pole hutangulia.

Tarehe 27 nikaenda Hamburg. Kwa tiketi yangu ile ni safari ya saa sita, na zikawa nane kwa sababu treni ilichelewa nikakosa ya kuunganisha pale Uelzen. Nashukuru nilikwama Uelzen maana kituo chake kimepambwa na msanii Hundertwasser, nguzo za rangirangi, sakafu isiyo sawa, kuta zimekataa kunyooka, na nilikunywa chai humo nikitazama watoto wakizikumbatia nguzo. Hamburg yenyewe nitaipita haraka. Bandari nimeiona, upepo wake ukanitoa machozi.

Nilichofuata ni makaburi ya Ohlsdorf, makubwa kiasi kwamba mabasi ya abiria yanapita ndani yake na yana vituo. Huko amezikwa Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Seyyid Said wa Unguja, ambaye Wazungu walimjua kwa jina la Emily Ruete. Alizaliwa 1844. Aliondoka Unguja mwaka 1866 kwa ajili ya mfanyabiashara Mjerumani, akawa Mkristo, akaolewa, na mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu katika nchi ya baridi. Aliishi kwa taabu, akifundisha Kiarabu apate kuwalea. Alifariki Jena mwaka 1924. Katika vitu vyake walikuta kifuko cha mchanga wa ufukwe wa Unguja alichokuwa amekitunza, wakakizika pamoja naye.

Nilisimama pale muda mrefu. Watu wa Unguja wana mengi ya kusema juu yake, na aliyoandika kuhusu utumwa siwezi kuyatetea. Lakini mchanga ule! Nami nina chupa ndogo ya karafuu na kanga ya mama ambayo sijaifua tangu nifike, kusudi isipoteze harufu. Sikujua nimsomee dua gani. Nikasema pole, kwa sauti, na hakukuwa na mtu wa kunisikia isipokuwa kunguru.

Safari ya mwisho ilikuwa tarehe 2 Januari, Oranienburg. Treni ya mjini inakufikisha kutoka Berlin hadi mwisho wa reli, halafu unatembea kama dakika ishirini kati ya nyumba za watu, zenye mapazia na taa za Krismasi madirishani, hadi getini Sachsenhausen. Kiingilio ni bure. Kwenye geti la chuma bado yameandikwa maneno yale kwamba kazi humweka mtu huru. Watu zaidi ya laki mbili walifungwa humo kati ya 1936 na 1945.

Mabanda mengi hayapo tena. Mahali yalipokuwa pamewekwa changarawe kuonyesha umbo lake. Kwa hiyo unachokiona ni uwanja mtupu, mkubwa, na upepo. Nilikuwa nimevaa suruali mbili na miguu ilikufa ganzi ndani ya robo saa. Nikafikiri juu ya mtu wa Dar es Salaam, aliyezoea jua la bandarini, akisimama uwanjani hapa alfajiri ya Januari kuhesabiwa, na nguo za mfungwa, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wenye nchi hii kusema habari za asubuhi.

Nikatafuta ukuta wa kujikinga upepo, nikamsomea Fatiha. Kisha nikataka kumpigia mama Lindi. Intaneti ilikuwa inakatika. Nilipompata alikuwa barazani na jirani, nikasikia kuku. Akauliza: "Uko wapi mwanangu, mbona sauti yako hivyo?" Nikamwambia nimekuja kuzuru kaburi. Akauliza la nani. Nikamwambia la mwalimu. Akasema, "Mpe pole zangu," bila kuuliza zaidi, na akarudi kwenye mazungumzo yake.

Mhariri, sasa nieleze ninachoomba.

Kiswahili kimepata heshima kubwa. Tangu UNESCO waitangaze tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani kila mwaka tunasikia hotuba, tunaimba, tunavaa vitenge, na tunaambiwa vijana wetu wana nafasi za kwenda kufundisha nje. Ni kweli wanazo, nami ni ushahidi. Lakini tunazungumza kama vile safari hii inaanza leo. Imeanza zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita, na walioianza walilipa gharama ambayo hakuna hata mmoja wetu ataitishwa. Wengine watasema walikuwa wakiwafundisha wakoloni. Ni kweli. Lisemwe darasani, na wanafunzi wajadiliane. Watoto wa kidato cha tatu wana akili ya kulibeba hilo. Siwezi kukubali kwamba kwa sababu hadithi yao ina uchungu na utata basi tuwaachie Wajerumani waihifadhi peke yao.

Maana Wajerumani wameanza kuwataja watu wetu. Berlin, mtaa uliokuwa na jina la Wissmann, gavana wa kikoloni, eneo la Neukölln, tangu 2021 unaitwa Lucy Lameck, mwanasiasa wetu, binti wa Moshi. Agosti 2024 sehemu ya barabara iliyokuwa ya Peters, yule Carl Peters ambaye bibi zetu walimwita Mkono wa Damu, imekuwa barabara ya Maji Maji. Nilikwenda kuviona vibao vyote viwili na nikajipiga picha kama mtalii. Nilifurahi, na nikaona haya kidogo, kwamba kijiwe cha mwalimu wa Dar es Salaam kiko Berlin na mwanafunzi wa Dar es Salaam hana pa kulisoma jina lake.

Nawaomba wanaohusika na mitaala, Taasisi ya Elimu Tanzania, watazame maandishi ya Mtoro. Hayahitaji kufasiriwa, ni Kiswahili. Kurasa tano tu katika kitabu cha ziada, mchezo wa watoto mmoja, sherehe moja, pamoja na maelezo ya mwandishi ni nani na yaliyompata. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, na ndugu zetu wa BAKIZA, baraza la Zanzibar, Julai hii, katika hotuba zote zile, watajwe Amur bin Nasur, Mtoro bin Mwinyi Bakari na Mahjub bin Adam kwa majina yao kamili. Na wanaoandaa semina za walimu wanaokwenda nje, pamoja na habari za soksi, wawaambie vijana nani aliwatangulia katika nchi waendayo. Mwalimu anayekuja Leipzig baada yangu nimeshamwandikia. Nimemwachia pia funguo za baiskeli na anwani ya duka la mihogo.

Mimi ninachoweza nimekianza. Begi langu ni kilo ishirini na tatu. Zawadi nimezipunguza, na ndugu zangu watanisamehe, ili nibebe nakala za kurasa za Mtoro nilizotoa maktaba, seti arobaini, darasa zima. Nikifika nitaziweka katika maktaba ya shule, na mwalimu yeyote wa wilaya anayetaka kuzitumia aje tu.

Lipo na ombi la mwisho, nalo ni kwa wasomaji wa Bagamoyo, hasa watu wa Dunda. Kama yupo ambaye wazee wake walikuwa wakimtaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Ulaya asirudi, au anaujua ukoo wake, au hata anajua nyumba yao ilisimama wapi, naomba aandike kupitia gazeti hili. Nitakuwa Bagamoyo kuanzia wiki ya kwanza ya Aprili. Nina picha ya ukurasa alioandika na ningependa kuwapelekea wenyewe.

Mwalimu wa Kiswahili,
Bagamoyo (kwa sasa Leipzig, Ujerumani)